Mkimbiaji Anapoishiwa Nguvu: Hesabu Nne za Mwili katika Mbio za Marathoni

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi hupokea maelfu ya wageni waliokuja, si kuupanda mlima, bali kukimbia chini yake. Mbio za marathoni za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003, na urefu wake ni kilomita 42.195, sawa na marathoni nyingine yoyote duniani. Moshi si mji mkubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo wakazi takriban 184,000. Katika miji kama London au Chicago mkimbiaji huzungukwa na wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mji mdogo, yule ambaye si miongoni mwa wenye kasi huweza kujikuta, baada ya saa tatu au nne, yuko karibu peke yake barabarani, kati ya migomba na mibuni, akisikiliza pumzi zake mwenyewe.

Wakimbiaji hao husimulia mambo yanayofanana sana. Husema kwamba kilomita kumi za kwanza zilikuwa nyepesi kama matembezi, na kwamba baada ya kilomita thelathini miguu ilikataa. Wengine walishikwa na huzuni au hasira pasipo sababu, wengine walitetemeka kwa baridi juani, na wapo walioanguka baada tu ya kuvuka mstari wa mwisho. Wote huhitimisha kwa maneno yale yale: “Niliishiwa nguvu.”

Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba maneno hayo mawili huficha mambo manne yaliyo tofauti kabisa. Mwili wa mkimbiaji una hesabu nne zinazokwenda pamoja, yaani hesabu ya nishati, ya joto, ya maji na chumvi, na ya mzunguko wa damu. Kila moja yaweza kuharibika peke yake, na msaada unaofaa kwa moja waweza kuwa hatari kwa nyingine. Jambo hili si la wanariadha tu. Ni la kila mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake mbioni, ziwe za kilomita 42 au za kilomita 5.

Kwa ajili ya hesabu zetu, tumchukue mkimbiaji wa kubuni mwenye uzito wa kilo 60.

HESABU YA NISHATI

Kukimbia katika ardhi tambarare humgharimu mtu takriban kilojuli 4.2 kwa kila kilo ya uzito wake na kwa kila kilomita. Gharama hii haibadiliki sana akikimbia kwa kasi au polepole. Kwa hiyo mkimbiaji wetu hutumia kilojuli 252 kwa kilomita moja, na takriban kilojuli 10,600 kwa marathoni nzima.

Nishati hiyo hutoka katika ghala mbili. Ghala ya kwanza ni mafuta ya mwili. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 37, na hata mtu mwembamba mwenye kilo 6 za mafuta ana akiba ya zaidi ya kilojuli 220,000, yaani ya kutosha marathoni ishirini. Ghala ya pili ni wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini kwa umbo la glikojeni. Gramu moja ya wanga hutoa kilojuli 17 tu, na akiba yake ni ndogo. Tukadirie kwamba mkimbiaji wetu ana gramu 400 anazoweza kuzitumia; hizo ni kilojuli 6,800.

Msomaji atauliza: ikiwa mafuta ni mengi kiasi hicho, kwa nini mkimbiaji aishiwe nguvu? Jibu ni kwamba mafuta huungua taratibu, na kwa kiasi kile kile cha oksijeni hutoa nishati pungufu kidogo kuliko wanga. Mtu anayekwenda polepole aweza kutegemea mafuta kwa sehemu kubwa. Kadiri anavyoongeza kasi, ndivyo misuli inavyozidi kudai wanga. Tena, glikojeni iliyomo katika msuli wa mkono haiwezi kuazimwa na mguu, kwa kuwa msuli hauna kimeng’enya cha kuirudisha damuni kama glukosi. Ini ndilo lenye uwezo huo.

Tuchukue sasa mienendo mitatu.

(a) Akianza kwa kasi kubwa, hata asilimia 90 ya nishati yake itoke katika wanga, atatumia kilojuli 226.8 za wanga kwa kilomita, na akiba yake itakwisha kwenye kilomita ya 30.

(b) Akipunguza kasi hadi wanga utoe asilimia 75, akiba itafika kilomita ya 36.

(c) Akipunguza zaidi hadi asilimia 60, akiba ingemfikisha kilomita ya 45, yaani kupita mwisho wa mbio.

Katika mwili halisi wanga haukatiki ghafla namna hii. Hupungua, na mwendo hupungua pamoja nao. Hata hivyo hesabu hizi zaeleza kwa nini wakimbiaji wengi husimulia habari za kilomita ya 30 na kuendelea. Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hapa ukingo wenyewe waweza kukokotolewa. Mkimbiaji aweza pia kuusogeza mbele kidogo kwa kula njiani. Utumbo hufyonza takriban gramu 60 za glukosi kwa saa, sawa na kilojuli 1,020, yaani gharama ya kilomita nne. Ndiyo maana vituo vya njiani hugawa vinywaji vyenye sukari, ndizi au machungwa.

Ama kuhusu huzuni na kukata tamaa, hapo ni ini linalosema. Ubongo hutegemea glukosi ya damu. Glikojeni ya ini inapokaribia kwisha, glukosi hushuka, na mtu huona kizunguzungu, hukasirika au huona kwamba kazi yote aliyoifanya ni bure. Mkimbiaji aliye peke yake barabarani hudhani kwamba moyo wake umekuwa dhaifu, kumbe ni kemia yake. Tena ubongo haungoji mpaka chakula kifike. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, waendesha baiskeli waliosukutua kinywa kwa maji yenye wanga na kuyatema bila kuyameza walimaliza kazi ya takriban saa moja kwa muda pungufu wa karibu asilimia 3. Uchovu, basi, ni kipimo cha akiba na pia ni makadirio yafanywayo na ubongo.

MLIMA NA MTEREMKO

Njia iliyozoeleka ya marathoni ya Moshi haina mwinuko mkubwa katika nusu yake ya kwanza. Katika nusu ya pili hupanda kuelekea Mweka, kisha hugeuka na kuteremka mpaka uwanjani. Tuseme mkimbiaji wetu hupanda mita 300. Kazi ya kuinua kilo 60 kwa mita 300 ni 60 × 9.8 × 300, yaani kilojuli 176. Lakini misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa kazi. Kwa hiyo gharama ya kweli ni kama kilojuli 706, sawa na kuongezewa karibu kilomita tatu za tambarare, na hilo humpata wakati akiba yake imeanza kupungua.

Mteremko hurudisha sehemu tu ya gharama hiyo, nao una kodi yake. Mtu anapoteremka, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa kuwa mirefu, ikifanya kazi ya breki. Mkazo wa namna hii huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli. Maumivu yake huanza baadaye, na huwa makali zaidi baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana siku ya pili mkimbiaji hushuka ngazi kinyumenyume. Baadhi ya vitabu husema kwamba maumivu haya huletwa na asidi laktiki iliyobaki misulini. Maelezo hayo si sahihi. Laktati huondolewa katika muda wa saa moja hivi baada ya mbio, na sehemu yake kubwa hutumiwa kama chakula cha misuli na moyo.

HESABU YA JOTO

Tumesema kwamba robo tu ya nishati huwa kazi. Robo tatu zilizobaki huwa joto. Katika kila kilomita mkimbiaji wetu huzalisha kilojuli 189 za joto. Ili kuongeza joto la mwili wa kilo 60 kwa digrii moja ya Selsiasi, huhitajika takriban kilojuli 210. Maana yake ni kwamba kama joto lisingetoka, mwili ungepanda karibu digrii moja kwa kila kilomita, na kabla ya kilomita ya tano angekuwa amepita digrii 40, mpaka wa hatari.

Kinachomwokoa ni jasho, tena si jasho linalotiririka, bali lile linalogeuka mvuke juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke huchukua takriban kilojuli 2,400. Jasho linalodondoka ardhini halikuchukua chochote. Kwa sababu hiyo siku ya mawingu yenye unyevu mwingi, kama ilivyo kawaida katika miji ya pwani, yaweza kuwa mbaya kuliko siku ya jua kali lenye upepo mkavu.

Moshi ipo digrii 3 na ushei kusini mwa ikweta. Katika majuma ya mbio hizo jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi. Wenye kasi huondoka mapema asubuhi na kumaliza kabla jua halijapanda, lakini anayetumia saa sita hukutana nalo njiani. Basi si kweli kwamba hali ya hewa huwa moja kwa wakimbiaji wote wa siku hiyo.

Mtu aliyezidiwa na joto huanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kugombana na wanaomsaidia, kisha huzimia. Jambo la kwanza ni kumpoza papo hapo: kumvua nguo za juu, kumtumbukiza katika maji ya baridi kama pipa au beseni lipo huku kichwa chake kikishikiliwa juu ya maji, na kama halipo, kummwagia maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Gari la wagonjwa liitwe, lakini upozaji usiingojee safari. Kipimajoto cha kwapani au cha mdomoni kisiaminiwe, maana kwa mkimbiaji husoma chini kuliko joto la ndani.

HESABU YA MAJI NA CHUMVI

Kwa miaka mingi wakimbiaji waliagizwa kunywa maji mengi kadiri wawezavyo, hata kabla ya kuona kiu. Agizo hilo lilitolewa kwa nia njema, lakini lilisahau kwamba damu ina chumvi ambayo lazima ibaki katika kiwango chake. Sodiamu ya damu huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita.

Tumwangalie mkimbiaji wetu. Mwili wake una lita 36 za maji, na sodiamu yake ni milimoli 140 kwa lita. Anakwenda polepole kwa saa sita, na katika kila kituo anakunywa, jumla lita 6. Kwa kuwa kasi yake ni ndogo, jasho lake ni lita 3 tu. Wakati wa mbio ndefu homoni fulani huziagiza figo zizuie mkojo, kwa hiyo lita 3 zilizozidi hubaki mwilini. Sodiamu sasa itakuwa 140 × 36 ÷ 39, yaani milimoli 129, hata bila kuhesabu ile iliyotoka na jasho. Maji huingia ndani ya seli, nazo huvimba. Seli za mkono zikivimba, pete hubana. Seli za ubongo zikivimba ndani ya fuvu lisilotanuka, mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hupata degedege, na aweza kufa.

Haya si mambo ya kubuni. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyopungua, na watatu kati yao walikuwa katika hali ya hatari sana. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba walioathirika zaidi ni wale ambao uzito wao uliongezeka njiani na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Maana yake, aliye hatarini si bingwa. Ni yule wa nyuma, mwenye bidii, anayetii kila kituo cha maji.

Kanuni ya leo ni nyepesi: kunywa unapoona kiu, wala usimalize mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

HESABU YA MZUNGUKO WA DAMU

Wapo wanaokimbia vizuri mpaka mwisho, kisha huanguka hatua chache baada ya mstari. Wakati wa kukimbia misuli ya miguu husukuma damu ya vena kurudi moyoni. Mtu akisimama ghafla, pampu hiyo husimama, na kwa kuwa mishipa ya miguu na ya ngozi bado imetanuka, damu hubaki chini na ubongo hukosa sehemu yake. Dawa yake ni kumlaza chali na kuinua miguu yake. Mara nyingi huzinduka baada ya muda mfupi. Kinga yake ni kuendelea kutembea baada ya kumaliza. Naye anayetetemeka kwa baridi baada ya mbio aeleweke hivi: tanuri limezimwa, lakini jasho bado linageuka mvuke. Apewe nguo kavu.

UJASIRI NA SAYANSI

Shuleni kwetu hakuna habari ya marathoni inayosimuliwa zaidi ya ile ya John Stephen Akhwari. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Akhwari aliumia goti baada ya kuanguka, akaendelea, na akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni haki yetu kuisimulia. Lakini mwalimu asiigeuze kuwa amri ya kwamba kila anayeanza lazima amalize. Akhwari aliumia goti. Akili yake ilikuwa timamu, na uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Mtoto anayeyumba na asiyeweza kutaja jina la shule yake hana tena uwezo wa kuamua. Kumpigia makofi aendelee ni kumsukuma shimoni.

Akhwari si kielelezo chetu pekee. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, yeye na mshindi wa pili waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na tofauti yao ilionekana katika picha tu. Ushindi ule ulipatikana katika mita za mwisho, kwa sababu akiba ilikuwapo. Huo nao ni ujasiri, wa mtu anayeijua hesabu yake.

Mwalimu aliye kando ya barabara, basi, asiulize tu, “Je, umechoka?” Amwulize mkimbiaji jina lake, yuko wapi, amekunywa kiasi gani. Mwenye akili timamu, mlegevu na mwenye njaa, apewe kitu chenye sukari. Mwenye kiu apewe maji, kidogo kidogo. Aliyeanguka baada ya kusimama alazwe, miguu juu. Aliyechanganyikiwa na mwenye joto kali apozwe mara moja. Aliyechanganyikiwa, aliyekunywa sana, anayetapika na mwenye vidole vilivyovimba, asipewe maji hata tone. Apelekwe kwa daktari, na daktari aelezwe kiasi alichokunywa. Anayechanganyikiwa, kwa sababu yoyote ile, mbio zake zimekwisha. Tena yafaa ikumbukwe kwamba mashindano mengi hayawaruhusu walio chini ya miaka 18 kukimbia marathoni kamili. Kilomita 5 zinawatosha kujifunza yote haya.

MAJARIBIO NA MASWALI

1. Chukua vipimajoto viwili. Kifunge kimoja kwa kitambaa kilicholowa maji, kingine kiache kikavu. Vipepee kwa dakika tano na uandike vipimo. Rudia baada ya kukitia kile chenye kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Eleza tofauti, na ueleze kwa nini nguo ya nailoni isiyopitisha hewa haimfai mkimbiaji.

2. Pima uzito wako kabla na baada ya kukimbia au kucheza mpira kwa nusu saa, bila kunywa wala kwenda haja. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Jasho lako ni lita ngapi kwa saa?

3. Mkimbiaji mwenye kilo 75 anataka kukimbia marathoni. Kokotoa nishati atakayoitumia, na joto atakalozalisha kwa kila kilomita.

4. Mkimbiaji mwenye lita 33 za maji mwilini na sodiamu ya milimoli 140 kwa lita amezidisha lita 2 za maji. Sodiamu yake sasa ni kiasi gani? Je, imeshuka chini ya 135?

5. Saa 5 asubuhi, kwenye kilomita ya 34, mkimbiaji amekaa kando ya barabara. Anasema kichwa kinamuuma na anataka kutapika. Saa yake ya mkononi imembana. Anakumbuka kwamba amekunywa katika kila kituo. Mtazamaji mwenye huruma anamletea chupa ya maji. Utamwambia nini mtazamaji huyo, na utamweleza kwa sababu gani?